Kesie anaomba admini: mumupe ile kazi inaomba, si mashine nzima

Swali: Mama mmoja anaongoza biro ya transit hapa Lubumbashi ameniandikia, nafupisha: «Tuko na ordinatere saba ku reso moja, Windows ya Kifaransa, hatuna serveri. Tangu mwanzo kila mutu alikuwa anaingia na konti moja tu, ile iko admini, yenye haki zote ku mashine. Stajeri akajaza mashine na michezo, njo nikaomba teknisie afungulie kila mutu konti yake ya kawaida. Ile mashine ya kesi, kesie anaitumia asubuhi na kontabu mangaribi. Tangu siku ile kesie anaona fakture zake, kontabu hazioni, na zile za mwaka uliopita hata mmoja wao haoni! Teknisie akasema lojisieli ya kontabilite inataka admini, akawapa wote admini, na bado haiko sawa. Kuko njia ya kumupa mutu haki kidogo tu, ile inatosha kazi yake?»

Jibu:

Mama, njia iko, na kwanza niwatulize roho: zile fakture za mwaka uliopita naona hazikupotea. Ziko mu ileile mashine, ndani ya ile konti ya zamani ambayo wote mulikuwa mukiingia nayo. Kwa hiyo hata mbele ya kumaliza kusoma, mumupigie teknisie simu asifute ile konti. Akiifuta, Windows itamuuliza kama ifute na fishie zake, akifinya ndiyo bila kuwaza, hapo sasa zitapotea kwelikweli.

Inaendaka hivi. Kuanzia Windows Vista, ile ya 2007, mutu wa konti ya kawaida anaweza kusoma mu Program Files (dosie fasi programu zinawekwa) lakini kuandika mule hapana, na hata admini anatendewa vilevile mpaka pale anafungua programu na «Exécuter en tant qu'administrateur». Sasa lojisieli nyingi za zamani za kontabilite, zile za 32 bit, zinatunza data palepale ziliwekwa, ndani ya Program Files (x86). Kama Windows ingezikatalia tu, biro nyingi sana zingeamka asubuhi hakuna kinachofunguka. Njo maana Microsoft ilifanya ujanja: lojisieli inaomba kuandika, Windows inajibu sawa nimeandika, kumbe imeandika kopi mu dosie ingine inaitwa VirtualStore, iliyofichwa ndani ya konti ya yule mutu. Lojisieli haijui kitu. Kesho yuleyule akifungua, anaonyeshwa kopi yake, na mwingine naye anaonyeshwa yake.

Wakati mulikuwa na konti moja, VirtualStore ilikuwa moja, kila mutu aliona kitu kimoja na hakuna aliyejua kama data haiko pale inaonekana. Siku mulitenganisha konti, kila mutu akaanza na kopi yake. Kuwarudishia admini hakubadilishi kitu, juu kopi inafuata jina la konti, haifuate cheo chake. Teknisie alikuwa karibu na jibu lakini alishika fasi si yenyewe.

Muhakikishe mbele ya kunisadiki. Kesie aingie na konti yake, afungue dosie yoyote, ku mustari wa juu pale njia inaandikwaka afute na aandike %LOCALAPPDATA%\VirtualStore kisha Entrée. Akikuta mule Program Files (x86) na ndani jina la lojisieli yenu, basi ni ile. Kontabu afanye vilevile kwake, kisha muingie na konti ya zamani. Mulinganishe ukubwa na tarehe za fishie, ile nzito yenye miaka yote nina hakika karibu yote iko kwa konti ya zamani. Mukope zote tatu ku diski ya nje, kila moja na jina lake, na musibandike moja juu ya ingine! Fishie ya data haijumlishi, inafuta tu ile ilikuwa pale. Fakture za zile siku kesie na kontabu walifanya kazi kila mutu upande wake, itabidi muziingize tena ku mukono kufuata karatasi, ao mumuite aliyewauzishia lojisieli kama iko na njia ya kuimporte. Ni kazi ya kuchosha lakini ni ya siku chache tu za fakture.

Sasa dawa yenyewe. Mutafute mu paramètres ya lojisieli kama inakubali kuchagua fasi ya data, wengi wanaandika «répertoire de données» ao kitu kinafanana. Kama inakubali, mutengeneze dosie D:\Kontabilite, muweke mule ile data nzito ya konti ya zamani, muilekeze lojisieli kule, na hayo mambo ya VirtualStore yamekwisha. Kama haikubali, admini anaweka ile data nzito mu dosie ya data ya lojisieli, mulemule Program Files (x86), kisha munafungulia watu haki ya kuandika mu ile dosie ndogo ya data peke yake, si dosie nzima ya lojisieli. Hapa nakaza: mukifungua dosie nzima, mutu (ao virusi ya flashi inayotumia jina lake) anaweza kubadilisha programu yenyewe, kisha siku admini anaifungua, virusi inaingia na nguvu za admini. Data peke yake. Na mukisha kufungua, murudi mu VirtualStore ya kila konti mubadilishe jina la ile kopi, muongeze «-zamani» ku mwisho, juu Windows inaangaliaka kopi kwanza. Musipofanya vile, mutaniandikia tena kama haki mumewapa na bado kesie anaona data yake ya pekee.

Haki musimupe mutu kwa jina lake, mupe kikundi. Kesie akienda konje ya kuzaa na mwingine akikaa pale, munamuingiza mu kikundi na imekwisha. Mu Windows Pro munafinya touche ya Windows na R, munaandika lusrmgr.msc, munafungua Groupes, munatengeneza kikundi kipya Kesi, munaingiza mule kesie na kontabu. Mu Windows Famille ile dirisha haiko, lakini mu invite de commandes (ile dirisha nyeusi ya kuandika amri) ya admini, amri net localgroup Kesi /add inaenda. Kisha munafinya kuume ku dosie, Propriétés, Sécurité, Modifier, Ajouter, Kesi, na mutie alama ku Modification. Si Contrôle total! Kwa kazi ya kila siku mutu haoni tofauti, lakini mwenye Contrôle total anaweza kubadilisha haki za wengine, anaweza hata kumufungia patro nje ya dosie yake. Kwa wale wanapenda kuandika:

icacls D:\Kontabilite /grant Kesi:(OI)(CI)M

Ile OI na CI maana yake haki ishuke ku fishie na dosie zote za ndani, M ni Modification. Mufanye mu invite de commandes, juu PowerShell, dirisha ingine ya amri, yenyewe inasoma mabano kwa namna yake na itawatukana.

Kuko mutego mu D: ambao watu wengi hawaujui. Dosie mpya ku D: kwa kawaida inarithi haki ya Modification kwa «Utilisateurs authentifiés», ndiyo kusema kila mutu mwenye konti, na stajeri ndani. Munaongeza Kesi munafurahi kumbe mulango wa nyuma uko wazi. Muende Sécurité, Avancé, «Désactiver l'héritage», muchague ile ya kubadilisha haki zilizorithiwa ziwe explicites (si ile ya kuzifuta zote), kisha mutoe Utilisateurs authentifiés na Utilisateurs, muache Système, Administrateurs na Kesi. Kama ile onglet Sécurité haionekani hata kidogo, diski yenu imeformatewa FAT32 ao exFAT, si NTFS, na zile hazijui haki kabisa. FAT32 munaweza kuigeuza bila kupoteza fishie na convert D: /fs:ntfs, exFAT hapana, hiyo ni kutoa data, kuformate, kurudisha. Ku zote mbili mufanye kopi kwanza, na mashine iwe ku onduleri, delestaji ikiwakuta katikati mutalia.

Na neno moja juu ya Kifaransa, hii inapotezea watu muda sana hapa kwetu. Video na maelezo mingi yanaandika Administrators, Users, Everyone, na Windows yenu haijui zile majina, kwake ni Administrateurs, Utilisateurs, Tout le monde. Munaandika amri sawa kabisa, inajibu kikundi hakiko, munafikiri ordinatere imeharibika. Kama hamutaki kubahatisha, kila kikundi kiko na namba haibadiliki mu luga yoyote: Administrateurs ni S-1-5-32-544, Utilisateurs S-1-5-32-545, Tout le monde S-1-1-0. Mu icacls munaitanguliza na nyota, *S-1-5-32-545, inaenda ku mashine ya Kifaransa, ya Kiingereza, ya Kichina. Vilevile yale majina Utilisateurs na Programmes munaonaka mu C: ni sura tu, ku diski yenyewe yanaitwa Users na Program Files, na ku amri muandike ya kweli.

Tuje ku reso, juu muko na mashine saba na nadhani dosie za deklarasio ziko ku moja na wengine wanazifikia kule. Mutu anayetoka ku mashine ingine anapita milango mbili: haki za partage (zile za kufungulia dosie watu wa reso), kisha haki za Sécurité, na ile kali zaidi njo inashinda. Partage ikisema kusoma tu, hata mukimupa Modification ndani, atasoma tu. Njo ugomvi wa kila siku, «nimemupa haki na inakataa». Mimi naachia partage wazi kwa kikundi chenye kinahitaji, Modifier na Lecture, na kuchuja nafanya mu Sécurité peke yake, fasi moja ya kuangalia. Tena kuko sababu ingine: mutu aliyekaa mbele ya mashine yenyewe hapiti mulango wa partage hata kidogo, kwake ni Sécurité tu. Mukichuja ku partage peke yake, stajeri anangoja saa sita watu waende kula, anakaa pale na anafungua yote.

Ile kisanduku Refuser musiiguse. Refuser inashinda Autoriser, na patro akisema «munyime Utilisateurs dosie ya mishahara», munatia Refuser, mangaribi patro mwenyewe anapiga kelele kama dosie yake imefungwa, juu naye ni Utilisateur. Kumunyima mutu, mumutoe tu ku liste, inatosha.

Bila serveri kila mashine inajua konti zake peke yake. Kwa hiyo ile mashine inatunza dosie inapashwa kuwa na konti ya kila mutu atakayeingia, jina lilelile na modepasi ileile kama kwake. Hapa watu wanagonga ukuta mara mbili. Kwanza, konti isiyo na modepasi: Windows inaikubali ukikaa mbele yake lakini kwa reso inaikataa. Pili, PIN: kesie anafungua mashine na tarakimu nne, ku reso Windows inamuomba modepasi, anaandika ileile PIN, inakataa, anasema reso imekufa. PIN ni ya ile mashine peke yake, haitoki nje. Na kama moja ya mashine ni Windows 11 Pro version 24H2, ile tabia ya zamani ya kuingia mu partage kama mugeni bila modepasi inakatazwa sasa, usiku mmoja update inapita na asubuhi dosie haionekani. Saba muko sawa, ila mujue Windows ya kawaida inakubali watu 20 kwa mara moja ku partage, hapo juu munahitaji serveri.

Na ile mashine inatunza dosie musiipe mutu afanye kazi pale kama munaweza.

Sasa zile sababu watu wanatoaka za kuomba admini. Mutu anaomba chumvi, munamupa funguo ya depo nzima. Muulize kila mara ni chumvi gani.

«Saa na tarehe inaharibika kila asubuhi.» Hii naisikia sana, juu kuran inaenda na kurudi. Ile si haki, ni betri: ndani ya ordinatere kuko betri kidogo CR2032, sawa franga ya chuma, ikikufa saa inarudi nyuma miaka kila mara mashine inapozimwa kabisa, na hata site zenye kufuli zinakataa juu tarehe haikubaliane na sertifika. Betri ni bei ya kidogo, mubadilishe. Haki ya «Modifier l'heure système» mu secpol.msc (dirisha ya haki za mashine) iko na munaweza kumupa mutu, lakini mutu wa kesi mimi siwezi kumupa, hata akiwa malaika: mwenye kuandika risiti asiwe na mukono ku kalenda ya mashine.

«Emprimanti mpya.» Nyuma ya lile shimo la usalama la 2021 upande wa kuprinte, liliitwa PrintNightmare, kuanzia mwezi wa nane wa mwaka ule Windows inataka admini kwa kuweka driver ya emprimanti. Admini aweke driver mara moja ku kila mashine, baadaye kuprinte hakuombi chochote.

«Java inaomba update.» Munatumia Sydonia World, lojisieli ya deklarasio ya DGDA (duane), na ile inaenda na Java, kwa hiyo kadirisha ka Java katawasumbua. Musimupe deklarani admini kwa ajili ya kale kadirisha. Update ifanywe na admini, siku moja ya wiki, ku mashine moja kwanza, muone kama Sydonia bado inafunguka, kisha zingine. Nimeona watu wanaupdate zote asubuhi ya Jumatatu na lori zinangoja ku mupaka wa Kasumbalesa.

«Nabadilishaka adresi IP», ile namba ya mashine ku reso. Ajenti anayebeba portable kati ya biro na mupaka anaweza kuwa na sababu ya kweli. Mumuingize mu «Opérateurs de configuration réseau», kikundi kimewekwa na Windows kwa ile kazi, anabadilisha IP na hawezi kuinstale kitu cha mashine nzima. Lakini ile ingine inaitwa «Utilisateurs avec pouvoir», musipoteze muda, tangu Vista haitoi kitu zaidi ya konti ya kawaida, imebaki kwa ajili ya mambo ya zamani.

Kuko na wale watawafundisha runas na /savecred, munaandika modepasi ya admini mara moja na kesie anafungua ile programu bila kuulizwa tena. Musikubali. Modepasi ikisha kutunzwa vile, yule mutu anaweza kufungua programu yoyote na nguvu za admini, si ile moja tu, anabadilisha tu jina ku mwisho wa mustari.

Ku upande wa patro itakuwa ngumu, najua. Patro naye awe konti ya kawaida, na nyinyi mama vilevile. Mutengeneze konti moja ya pekee ya admini ku kila mashine, mutu hafanyi kazi nayo, hasomi email nayo, modepasi iandikwe ku karatasi, mu bahasha iliyofungwa, mu kofu pamoja na stakabadhi za biro. Kitu kikihitaji admini Windows itafungua dirisha kuomba ile modepasi, munaandika pale, munaendelea, hamuhitaji hata kutoka mu konti yenu. Patro akisema «mashine ni yangu nanunua mimi», mumwambie ni yake kabisa na bahasha ni yake, ila virusi ikiingia kwa email yake itaingia na haki zake, na yeye njo anapokea email za watu hawajulikani kuliko wote.

Musitegemee tu kama hii ni kinga ya kila kitu. Stajeri mwenye konti ya kawaida bado anaweza kuweka programu zile zinajiweka ndani ya konti yake mwenyewe, Chrome inajua kufanya vile na michezo kadhaa pia. Afazali zitabaki kwake, akimaliza staje munafuta konti na zinaenda nayo. Virusi ya kufunga fishie ikiingia kwa kesie itafunga yote kesie anaweza kuandika, kontabilite ikiwa ndani. Na WannaCry, virusi ya namna ileile ya mwezi wa tano 2017, haikuomba haki ya mutu yeyote, ilipita ku shimo la SMB1 (njia ya zamani ya Windows ya kugawana fishie ku reso) mashine kwa mashine, ingawa Microsoft ilikuwa imetoa dawa mwezi wa tatu. Kwa hiyo update zipite, na kopi ya data iwe ku diski ya nje mnayoitoa ku mashine kila mukimaliza, si ile inalala imechomekwa. Windows 10 yenyewe Microsoft iliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, mukiwa nayo bado muanze kuhesabu feza.

Mufanye kazi hii Jumamosi mangaribi biro ikiwa tupu. Muanze na kopi za VirtualStore, kisha konti mpya ya admini na mujaribu kuingia nayo kwelikweli, modepasi ikikubali ku mashine zote saba njo muanze kushusha wengine, musigeuze ile mupangilio juu mutajifungia nje. Jumatatu kesie na kontabu wafungue wote wawili fakture moja, kila mutu kwa konti yake, mmoja aongeze mustari na mwingine auone. Konti ya zamani muizime tu, musiifute mpaka kontabu afunge mwezi na hesabu ikubaliane na kesi.